Mawimbi Hayapandi Mlima

Miaka ile televisheni zilipoanza kuuzwa holela Dodoma, nilimkuta dukani mzee wa kijiji cha Mlali akinunua moja ya kutumia betri ya gari. Binti yake alikuwa ameanza kusoma habari kwenye kituo kipya cha Dar es Salaam, na mama mtu alitaka kumwona.

"Kwetu kuna milima. Itashika?"

"Itashika tu, mzee. Inua antena juu," alijibu muuzaji, akifunga boksi kwa kamba.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Fundi wa mnara wa mjini alishanieleza kwamba mnara hupokea matangazo kutoka mbali na kuyarusha upya, lakini mawimbi yake yakikuta mlima huishia hapo. Nikanyamaza. Si duka langu, nikajiambia.

Baada ya mavuno nikamwona stendi.

"Shikamoo mzee. Televisheni inaonyesha?"

"Marahaba. Chenga tupu, mwanangu. Mke wangu huikodolea kila jioni. Anasema macho yake ndiyo yameharibika."

Nikamweleza habari za mlima. Akanitazama.

"Ulijua lini?"

Nikakiri kwamba nilijua tangu siku ile dukani. Hakunigombeza. Alisema tu anawahi basi, akamwambie mkewe kwamba haoni vibaya.