Vikofia Saba vya Kijani

Majirani zangu wa Sekei, Arusha, walipoliona gari langu kwa mara ya kwanza waliniuliza kama nimenunua gari au kiatu. Lilikuwa la milango miwili, la michezo, limekaa chini kiasi kwamba ukisimama kando yake unaliona paa lote. Lilitoka Japani kupitia Dar, kama kila kitu kilivyotoka miaka ile, biashara ilipofunguliwa na sisi tuliozoea foleni ya sukari tukajikuta tunachagua hata aina ya betri ya redio. Mke wangu, mtoto wa wafanyabiashara wa Kilimanjaro, alilizunguka mara mbili, akasema halibebi hata mfuko mmoja wa saruji. Tulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Sokon One, kwa hiyo yeye kila gari alilipima kwa saruji. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, na nililipenda lile gari kama mtoto anavyopenda baiskeli yake ya kwanza.

Kasoro yake ilikuwa moja. Taa za dashibodi zilikuwa hafifu, mbili zimekufa kabisa, na mshale wa spidi ulionekana kwa kukisia. Nilikuwa na mteja mmoja, mkandarasi, ambaye gari lake liliwaka kijani kote mbele ya usukani, na kila aliyelipanda alilisifia. Basi nami nikaamua langu litawaka kijani. Na nitaweka mwenyewe, nyumbani, bila fundi, kwa mikono hii.

Hapo kwenye mikono ndipo Baba anapoingia. Baba alikuwa mkulima wa kahawa na migomba huko juu Olmotonyi, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache ambaye mstari wake wa migomba ungeweza kuupimia kamba. Msimu wa kahawa sisi watoto tulichuma kabla ya shule na baada ya shule. Kahawa huchumwa ikiwa nyekundu, ya kijani huachwa kwenye tawi iive. Kila jioni Baba alimwaga kikapu cha kila mtoto juu ya gunia, akapitisha kiganja. Vikapu vya wadogo zangu vilikuwa vyekundu vitupu. Changu kilikuwa mchanganyiko.

“Wewe unakwanyua,” alikuwa akiniambia. “Huchagui. Unakwanyua tawi zima ukacheze.”

Nilikataa, na kukataa kukawa kosa la pili. Samaki mkunje angali mbichi, alikuwa akisema, na mimi alinikunja kweli kweli, kwa fimbo. Baada ya misimu kadhaa alichoka, akaniondoa kwenye kahawa akanipa kazi ya kukata majani ya ng’ombe. Tulipokuwa watu wazima akagawa shamba: kahawa kwa wadogo zangu, mimi kipande cha kujenga nyumba. Alisema mbele ya ukoo kwamba kahawa haimtaki mtu asiyetulia. Watu walicheka kidogo, bila ubaya. Mimi sikutaka kahawa yake, duka lilinitosha. Nilichotaka ni kwamba kabla hajafa aache kuniona hivyo, na jambo hilo lilinikera kila nilipokunja kona ya kwenda kwake.

Alikuwa ametuma habari kwamba Jumamosi atashuka mjini kukiona hicho kigari. Nilikuwa na siku nne.

Siku ya kwanza nilikwenda kwa muuza vipuri vilivyotumika. Nyuma ya dashibodi kila balbu huvaa kikofia kidogo cha mpira chenye rangi, na rangi ya kikofia ndiyo rangi ya mwanga. Yule bwana alinisogezea kopo la maziwa ya unga lililojaa vikofia vya kila namna, akaniambia nijichagulie. Nilikaa juu ya tairi lake nikachagua. Vya bluu niliweka kando, vya njano kando. Vya kijani nilivitoa kimoja kimoja, nikavikagua kama vimepasuka, nikavipuliza vumbi. Nilichukua kumi na viwili ili hata vikiharibika visiniangushe. Yule bwana aliviangalia kwenye kiganja changu.

“Hivi vyote, bosi? Ndivyo unavyovitaka hivi?”

“Ndivyo. Nimevichagua.”

Alitabasamu, akanifungia kwenye gazeti. Nilidhani ananionea wivu.

Kazi yenyewe ilikuwa raha ambayo hata leo nikiikumbuka mikono inawasha. Kibanda changu cha gari kilikuwa cha mabati, na mchana jua la Arusha lilipenya kwenye kila tundu la msumari. Nililala chali miguu ikitokea mlangoni, nikafungua skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye kisosi kwa mpangilio zilivyotoka, ili nijue ipi inarudi wapi. Nilichomoa waya wa spidomita kwa subira, kwa maana ule ukiuvuta kwa hasira umekwisha. Ilipofika saa ya kuitoa dashibodi yenyewe, nikaishika kwa mikono miwili na kuibeba mpaka mezani sebuleni, juu ya kitambaa cha mke wangu cha kufuma. Alinitazama, akaiinua, akatoa kitambaa, akatandika gazeti.

Balbu zilikuwa saba. Nilizifuta kwa spiriti, nikabadilisha mbili zilizokufa, nikavisha kila moja kikofia kama unavyomvisha mtoto kofia ya baridi. Kioo nilikisugua kwa dawa ya meno mpaka mikwaruzo ikapotea. Nilijiimbia peke yangu. Mke wangu alipita akiwa na ndoo, akaniambia hajaniona hivyo tangu siku ya harusi, na hata siku ile sikuimba.

Ijumaa mchana nikarudisha kila kitu mahali pake. Skrubu zote ziliingia, hakuna iliyobaki kwenye kisosi, na yeyote aliyewahi kufungua kitu nyumbani anajua hiyo peke yake ni sherehe. Mwanga wa mchana ulikuwa mwingi mno kuona taa, basi nikafunika vioo vyote kwa mablanketi matatu, nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikawasha.

Zikawaka. Zote saba, sawasawa, laini, bila doa. Namba zilisimama kwenye giza kama zimeandikwa sasa hivi. Nilipiga usukani kwa furaha, honi ikalia, mbwa wa jirani wakajibu. Nilimwita mke wangu kwa sauti ambayo alidhani nimejikata. Alikuja mbio, akainua blanketi, akaingia kiti cha pili, akavuta mlango.

Alizitazama moja moja.

“Ni nzuri,” akasema. “Umeamua ya Krismasi?”

“Krismasi gani?”

“Hizi nyekundu na kijani.”

Nilimwambia aache utani, hakuna nyekundu hapo. Akanigeukia. Alinyoosha kidole: hii ya spidi upande huu kijani, upande ule nyekundu, ya mafuta nyekundu, ya moto wa injini kijani. Nilitazama kila kidole kilipokwenda. Niliona rangi moja. Nilimwambia ni rangi moja, kwa ukali, na nilipokuwa nasema hivyo niliisikia sauti yangu mwenyewe ya utotoni nikiwa nimesimama mbele ya gunia.

Mke wangu hakubishana. Tangu tufungue duka, yeye ndiye aliyehudumia rangi za nyumba na mimi misumari na mabati, na siku zote nilisema rangi ni mambo ya wanawake. Yeye ndiye aliyenitolea soksi asubuhi. Nadhani pale kwenye kiti alikuwa akiyajumlisha hayo. Alikwenda akaleta vile vikofia vitano vilivyobaki, akaniweka nje juani, akanipa. “Nitolee vyekundu,” akasema. Nilimtolea. Akavichanganya nyuma ya mgongo wake, akaniambia tena nimtolee vyekundu, na mara hii nilimtolea vingine.

“Baba watoto,” akasema taratibu, “wewe huoni.”

Mtu mwingine labda angehuzunika. Mimi nilihisi mwili mzima unapata moto. Nilizunguka lile gari sijui mara ngapi, nikicheka, nikisema kahawa, kahawa, mpaka akanishika mkono akidhani nimechanganyikiwa. Nyekundu niliyoijua mimi ni ya damu, na hiyo niliijua kwa sababu inauma. Majani niliyaita kijani kwa sababu niliambiwa majani ni kijani. Nani angeniuliza zaidi ya hapo? Nilimweleza yote, vikapu, gunia, fimbo, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyefutiwa kesi ambayo mwenyewe alishaanza kuamini ana hatia. Kwa maana nilishaamini. Kuna wakati nilidhani kweli nina mkono wa uvivu na siujui.

Mke wangu akafikiria Jumamosi. Alisema tufungue tena, atanichagulia vya kijani vitupu, kwa yule muuza vipuri vinaweza kupatikana vingine kabla hakujafungwa, na Baba atakuta kazi safi.

“Viache,” nikasema.

“Akiona umechanganya atasema yaleyale.”

“Najua. Viache.”

Usiku ule sikujuta, lakini asubuhi nilijuta mara tatu kabla ya chai.

Baba alifika saa tano, amevaa koti lake la kanisani na kofia, na begi la ndizi ambazo yeyo, mama yetu, alizifunga kwa majani. Mke wangu alimwamkia shikamoo, akapokea ndizi. Baba alilizunguka gari akiwa ameshika mikono nyuma. Aliinama akatazama chini ya bampa, akauliza kama hili linapita barabara ya kwake wakati wa mvua. Nikasema halipiti. Akatikisa kichwa, lakini nikamwona anagusa paa kwa ncha za vidole.

Nilimwambia kuna kazi nimeifanya mwenyewe, nataka aione. Kumwingiza ilikuwa shughuli, alilazimika kukaa kwanza ndipo avute miguu, na kofia ikagonga paa. Nikashusha mablanketi, nikaingia upande wangu, nikawasha.

Aliangalia kwa muda mrefu. Aliona kioo cha dashibodi kinavyong’aa, aliona hakuna pengo mahali palipofunguliwa. Alisogeza uso karibu.

“Umefunga vizuri,” akasema. Kisha akasema, “Ila umechanganya. Hii nyekundu, hii kijani, hii nyekundu. Mpaka leo huchagui.”

“Baba, mimi naona rangi moja.”

Alinigeukia na ule uso ninaoujua.

“Usianze.”

Sikuanza. Nilitoa vile vikofia vitano mfukoni nikaviweka kwenye goti lake. Niliinua blanketi la upande wake mwanga uingie, nikamwambia anijaribu. Aliniangalia, akaviangalia. Baba alikuwa amepanga kahawa kwa kiganja miaka hamsini, na mchezo huo ulikuwa wake. Akavitandaza. “Vya kijani,” akasema. Nikachukua. Hakusema kama nimepata au nimekosa. Akavirudisha, akavichanganya, akavitandaza tena. “Vya kijani.” Nikachukua. Mara ya tatu aligeuka kabisa ili nisione vidole vyake, na mara ya nne alinionyesha viwili tu, kimoja kila kiganja chake, akaniuliza kipi. Nilikitazama hiki na kile kwa akili yangu yote, nikamwambia sijui.

Akafumba viganja vyake.

“Hata kahawa?”

“Hata kahawa.”

Nilisikia mke wangu anasogeza viti uani, akitupa nafasi.

“Kwa hiyo pale kwenye mti,” akasema, na hakunitazama, “ulikuwa unachagua?”

“Nilikuwa nachagua, Baba. Moja moja. Nilikuwa natafuta zilizo kubwa na laini, nikidhani ndizo mnazosema. Ndiyo maana nilikuwa nachelewa.”

Alivua kofia akaiweka juu ya magoti. Sikuwahi kumwona Baba amevua kofia nje ya kanisa na meza ya chakula. Zile taa zilimmulika kidevu, kwa rangi ambazo yeye alizijua na mimi sizijui.

“Ulianza kuchuma ukiwa na miaka mingapi?”

“Saba.”

“Saba,” akasema. Kisha akasema kwa Kiswahili, lugha yake ya kanisani, ingawa nyumbani tulizungumza Kimaasai: “Mwanangu, nilikuchapa bure.”

Nilijua jibu. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwachi baba yake na neno kama hilo mikononi. Anamwambia upesi, hapana Baba, hukujua, yameisha. Na kweli hakujua, na kweli kwangu yalikuwa yanaisha pale pale, na nilimwambia hivyo. Lakini sikumwambia upesi. Nilikaa kimya kidogo kwenye kiti changu, taa zote saba zikiwaka, kwa sababu nilitaka kulisikia lile neno.