Ukweni Wanataka Jiwe la Pete Ling'olewe Lipimwe

Admini, jina langu libaki kwako tu, kwa sababu mashemeji zangu wanausoma ukurasa huu na hapa Kamembe tunajuana wote. Mimi ni kijana wa miaka thelathini na mmoja, nafanya kazi kwenye mizani ya kiwanda cha saruji upande wa Bugarama. Malori yanapanda mizani, mimi naandika uzito. Sikujua kama uzito huohuo ndio utakaonitoa machozi.

Nina mchumba, nitamwita Solange. Familia yao iliishi Bukavu, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, miaka mingi kabla ya kurudi Rwanda, sasa wako Giheke. Ni msichana mwembamba mwenye mwanya, mpole, hana makuu. Mimi mwenyewe ndiye niliyejitia kiherehere nikasema nitamvisha almasi. Ya kuchimbwa ardhini sikuiweza, nikanunua ya maabara katika duka moja Kigali. Muuzaji alinieleza kwamba ni almasi kamili, ila imekuzwa na mashine, na kwamba jiwe lake ni karati moja. Nikauliza karati ni nini. Akasema ni uzito, gramu moja ukiigawa mara tano unapata karati. Nilisikia uzito, kichwani nikaelewa ukubwa. Siku ya kumvisha pete, mbele ya ndugu zake wote, nikatangaza kifua mbele: "Ni diamant ya labo, karati moja nzima!" Sikuficha kitu. Walipiga vigelegele mpaka Solange akalia.

Shida ilianza Jumapili moja tukila kwao. Binamu yake alikuja kutoka Bukavu, naye amevishwa almasi ya maabara, robo tatu ya karati, ya umbo la yai. Akaweka mkono wake kando ya mkono wa Solange kwa utani tu. Jamani, jiwe lake lilionekana kubwa kuliko letu! Mama yake Solange, ambaye wote tunamwita Maman, akaweka kijiko chini.

"Mutoto wangu, weye ulituambia karati moja. Huyu iko na robo tatu. Sasa robo tatu inapita nzima namna gani?"

Nilitoka nje nikampigia muuzaji. Akaniambia mawe ya uzito mmoja si lazima yalingane machoni. Kuna lililo pana na bapa, uzito wake wote uko juu unaonekana, na kuna lenye tumbo refu kama langu, uzito umezama ndani ya pete. Nilirudi nikamweleza Maman hivyohivyo, nikamwonyesha na cheti cha dukani kilichoandikwa karati moja. Akacheka.

"Kama jiwe lenyewe banaweza kulitengeneza mu mashine, karatasi njo itabashinda?"

Tangu siku ile ameapa hatapokea watu wangu kwa gusaba, ile siku ya kuomba mke na kutoa mahari, mpaka jiwe litolewe kwenye pete na kupimwa mbele ya wajomba. "Haiko juu ya ukubwa," aliniambia kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma. "Muntu akidanganya mu kitu kidogo hivi, kesho atamudanganya mutoto wangu mu nini?"

Solange alinitetea mbele ya wote. "Maman, mimi njo naolewa, na mimi namuamini. Hakuna muntu wa kutoa hili jiwe." Aliponisindikiza barabarani akanishika mkono: "Sheri wangu, siku jiwe litatoka mu hii pete, usinirudishie tena. Mimi sikupenda karati, nilikupenda weye." Nilirudi nyumbani moyo umetulia.

Lakini shaka ikaniingia mimi mwenyewe. Jiwe lile sikuwahi kuliona likipimwa, nilimwamini muuzaji tu. Kama nilidanganywa je? Solange alikuwa analalamika kwamba pete inamlegea, nikamwambia anipe nikaikazishe. Nikaipeleka kwa sonara mmoja hapa Kamembe, nikamwomba apime jiwe bila kuling'oa. Akasema haiwezekani, dhahabu na jiwe vitapanda mizani pamoja. Hilo nalijua, lori lililojaa halikuambii uzito wa mzigo mpaka ulishushe. Alipima upana, akaona kama ni pungufu ya karati, ila akasema huenda hilo tumbo linafidia. Kuapa hawezi.

Kisha akaigeuza pete, akaniangalia.

"Lakini papa, hii pete mimi naijua. Kuna dada mumoja aliileta hapa, mwembamba, iko na mwanya. Naye aliuliza vilevile, kama tunaweza kupima bila kutoa jiwe, fiancé yake asijue. Nilimwambia hapana, akaketi pale kwa benchi akalia."

Ndugu zangu, huyo ni Solange wangu. Yule aliyesema ananiamini mbele ya mama yake! Na nitamlaumu kwa lipi, wakati mimi nami nimekwenda palepale kwa siri, kuuliza swali lilelile? Jiwe likitolewa likatimia karati, Maman ataridhika, lakini nitakuwa nimemvunjia Solange neno lake. Likipungua, mimi ni mwongo milele. Nikiacha hivi, gusaba haipo, na hata ikiwepo nitaoa mwanamke anayeniangalia huku anajiuliza.

Pete bado iko mfukoni mwangu. Jana amenipigia, akauliza kama imeshakazwa. Nikasema bado. Akasema taratibu: "Basi usiharakishe, sheri. Waache bafanye kazi yabo yote."

Mliooa na mlioolewa, nishaurini. Alikuwa ananiambia nini: waikaze pete tu, au walipime na jiwe? Nilitoe jiwe, au nimrudishie pete yake hivi ilivyo? Nifanye nini?