Chakula Kipya cha Kasuku wa Nahla

Watu wa Madungu hawakuwa wakienda kwa Bi Mwanawema kwa ajili ya chapati. Chapati zake ni nzuri, hilo halina ubishi, lakini hapa Chake Chake chapati ziko kila kichochoro. Walikuwa wakienda kumsikiliza mtoto aliyekufa.

Mtoto mwenyewe ni Nahla, binti pekee wa Bi Mwanawema, aliyefariki kwa maradhi ya figo akiwa bado anavaa sare za shule ya msingi. Aliacha nguo zake, kitanda chake, na kasuku wa rangi ya kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye yeye mwenyewe alimpa jina la Kijivu. Ndege huyo aliletwa na mjomba wake, Abdulnasir, aliyekuwa akimfanyia kazi Mzungu mmoja huko Unguja. Mzungu alipohama alimwachia ndege, na Abdulnasir akaona zawadi hiyo itamfaa mtoto mgonjwa.

Tundu likawekwa kando ya kitanda. Nahla alikuwa amekatazwa chumvi, ndizi, samaki wakavu wa ng'onda, na karibu kila kitu ambacho mtoto wa Kipemba hukiita chakula. Mchana kutwa aliomba, na mchana kutwa mama yake alikataa, maana hospitali ndivyo walivyomwambia. Ndege alikaa hapo hapo juu ya kijiti chake akisikiliza. Siku ya mazishi, wanawake wamejaa ukumbini na vilio vimeanza kupoa, ikasikika sauti kutoka chumbani: "Mama, nipe kidogo tu." Sauti ni ile ile, na lile "tu" la mwisho limevutwa vile vile. Mwanamke mmoja alikimbia akaacha viatu vyake. Bi Mwanawema aliinuka mkekani, akaingia chumbani, na kipande cha mkate kilichokuwa mkononi mwake akakipitisha kwenye nyaya za tundu. Kijivu akala, kisha akaomba tena.

Ndivyo ilivyoanza biashara hiyo, na sina jina jingine la kuiita. Kijivu aligundua kwamba maneno yale yanaleta chakula, na Bi Mwanawema akagundua kwamba chakula kinaleta maneno yale. Tundu akalihamishia ukumbini, kando ya jiko lake la chapati, na majirani nao hawakuchelewa. Bi Asya, wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye mdomo usiojua kufungwa, alikuwa akija na kashata mkononi, anagonga tundu kwa pete yake na kusema, "Haya Nahla, omba." Ndege akiomba, watu wanashika vifua, wanasema Subhanallah, wanarusha chochote walicho nacho: sambusa, halua, karanga za chumvi. Kisha wananunua chapati mbili tatu na kwenda zao wakiwa wamefurahi. Walikuwa wakilichezea kaburi la mtoto wa mwenzao, na hakuna hata mmoja aliyeona haya.

Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpa zaidi ya wote, tuseme kweli. Akisukuma chapati, mkono mmoja kwenye unga na mwingine kwenye tundu.

Kijivu akanenepa, na baada ya unene ukaja ugonjwa. Manyoya ya kifuani yakapukutika. Mdomo ukarefuka ukajipinda kupita kiasi, akawa analala mchana huku amejifura, na sauti ikaanza kukwaruza. Hapo ndipo Bi Mwanawema aliposhikwa na hofu ya kweli. Mwili wa mwanawe alishauzika. Sasa ilibaki sauti, nayo ilikuwa inakwenda.

Akamwita daktari wa mifugo, binti mmoja aitwaye Rahila, aliyekuja na pikipiki yake na mkoba wake. Rahila si mtu wa Madungu, na habari za Nahla hakuwa nazo. Alimfunga ndege kwenye taulo, akampapasa kifua, akamfungua mdomo na kuutazama.

"Anakula nini huyu?"

"Anachokula mtu," alisema Bi Mwanawema, kwa fahari kidogo.

"Basi atakufa kama mtu. Ini lake limejaa mafuta, Bi Mwanawema. Mmemlisha mpaka mmemmaliza."

Maneno hayo aliyasema huku akiosha mikono, bila kumtazama usoni. Akaeleza kwamba kiko chakula cha chembe, kinachotengenezwa kiwandani kwa ajili ya kasuku, nacho ndicho kiwe chakula chake kikubwa. Asije akadanganyika na chembe za kuku, maana nyingine huchanganywa dawa ambazo kasuku hazimfai. Asichukue zile za rangi rangi, kwa sababu rangi ile ni ya kumfurahisha mnunuzi, na nyingi zina sukari. Achukue za hudhurungi, kavu, zisizonukia pipi, kwenye mfuko ambao haujafunguliwa wala haujapitwa na tarehe. Aanze kuzichanganya kidogo kidogo na chakula alichozoea, ila chumvi, sukari na mafuta vikome leo leo. Ampe mchicha, karoti na boga pembeni, na parachichi asimguse nalo kabisa. Tena ampime uzito kila asubuhi, kwa sababu kasuku anaweza kuzivunja chembe akazitema zikawa unga chini ya tundu, mwenye ndege akadhani amekula kumbe ana njaa.

"Na wageni wako nao wakome," alimalizia.

"Akiomba je?"

"Mnyime."

Daktari wa hospitali naye, wakati wa ugonjwa wa Nahla, alilitamka neno hilo hilo kwa wepesi huo huo, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Abdulnasir alileta mifuko miwili kutoka Unguja. Mmoja ulikuwa na vidude vyekundu, vya kijani na vya manjano vinavyonukia tunda la uongo. Mwingine ulikuwa na chembe za hudhurungi zisizo na harufu ya kueleweka. Bi Mwanawema alichota huku, akachota kule, akanusa, akalamba kidogo kwa ncha ya ulimi. Ule wa rangi akamrudishia kaka yake. Kijivu angeupenda, na aliogopa kitu chochote ambacho Kijivu angekipenda.

Mpaka hapo alikuwa hajakosea. Kosa lilikuja alipozimimina chembe kwenye kopo. Akateremsha mtungi wa karafuu kutoka rafuni, akachota konzi nzima, akaitia humo humo na kulitikisa kopo vizuri. Mchele wake una karafuu, choroko zake zina karafuu, na mama yake alifanya hivyo, kwa sababu mdudu haingii penye karafuu. Mwanamke wa Pemba hawezi kufunga kopo la chakula bila karafuu akalala usingizi. Rahila hakumkataza kwa kuwa hakupata kuwaza kwamba kuna haja ya kumkataza.

Kijivu akachukua chembe ya kwanza, akaivunja, akatikisa kichwa na kuitupa. Ya pili vile vile. Bi Mwanawema aliona ni ukaidi wa kitoto, akaamua kuwa mkali kuliko daktari. Habari ya kuchanganya kidogo kidogo akaiweka kando. Akampa chembe tupu, asubuhi na jioni, akakaa mbele yake akisukuma chapati.

Na ndege akaanza kuomba. Kwanza aliomba kama siku zote. Kisha akaomba bila kupumzika, kuanzia jiko linapowashwa, kwa sauti ya mtoto yule yule, akiwa amening'inia kwenye nyaya upande ulioelekea kikaangio. "Mama, nipe kidogo tu. Mama. Mama, nipe." Bi Mwanawema alimnyima. Alimweka kwenye mizani ya unga kila asubuhi, akamwona anashuka, na bado alimnyima, kwa kuwa safari hii alikuwa ameapa kuyafuata maneno ya daktari mpaka mwisho ili asije akajilaumu. Siku moja alishindwa. Alikata kipande cha chapati ya moto, akakipeleka mpaka kwenye tundu, ndege akaleta mdomo mbio. Hapo akaurudisha mkono, akakitia kipande kinywani mwake mwenyewe na kukitafuna mbele yake, huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Sijui alikuwa akimwadhibu nani.

Bi Asya alikuja na kashata yake kama kawaida. Bi Mwanawema akamzuia mkono.

"Hapewi kitu. Anaumwa."

"Kidude kino kidogo tu, weye! Hebu msikize anavyolia."

"Nimesema hapewi."

Bi Asya alirudi nyuma hatua moja ili wale waliosimama foleni wamsikie vizuri. "Mtoto ulimnyima mpaka kafa na hamu zake. Sasa na ndege nae wamnyima. Weye moyo wako umeumbwa kwa kitu gani, Mwanawema?"

Foleni ilikuwa ndefu asubuhi ile. Palikuwa na mwanamke aliyeikosha maiti ya Nahla, palikuwa na mwalimu wake wa chuo cha Kurani, palikuwa na watu waliokula pilau ya khitma yake. Mmoja alisema Astaghfirullah kwa sauti ya chini, akabaki pale pale ili asipoteze zamu yake. Wengine walitazama chini. Bi Mwanawema aligeuza chapati kwa vidole, akaungua, na hakuuondoa mkono upesi. Kila mtu aliondoka na chapati zake.

Ndege alipoanza kuyumba kijitini, ndipo alipomwita Rahila tena. Binti aliwasili na hasira zake tayari, maana uzito aliotajiwa kwenye simu ulikuwa umemwambia kila kitu. Aliukusanya unga uliojaa chini ya tundu, akausugua kati ya vidole, kisha akalifungua kopo. Harufu ikamfikia kabla hajainamisha kichwa.

"Umetia karafuu humu?"

"Nimetia, sasa? Chakula kikae vivi hivi, kiingie wadudu?"

"Hii inamchoma mdomo, Bi Mwanawema! Wewe ungemeza konzi ya karafuu ukaita wali? Huyu hakuwa mkaidi. Alikuwa na njaa. Muda wote huu alikuwa anakwambia ana njaa."

Bi Mwanawema aliketi juu ya gunia la unga. Rahila aliendelea kusema mambo ya kopo kavu na mfuniko unaobana, lakini yeye hakuwa akisikia. Kumbe aliyeomba alikuwa akisema kweli. Yeye alisimama mbele ya ndege, akamtazama machoni, akamwona anakonda, akadhani ni deko. Na kama aliweza kukosea hivyo kwa ndege, ni nani wa kumhakikishia kwamba hakukosea kule nyuma, angalau siku moja, angalau kwa kijiko kimoja? Hospitali walimwambia kwamba alifanya sawa. Ndiyo, na kopo la karafuu nalo alilitikisa kwa mkono wake akijua anafanya sawa.

Mfuko mpya ukaletwa. Safari hii chembe ziliwekwa peke yake, mahali pasipo na mvuke wa jiko, na za kwanza zilipondwapondwa ndani ya boga lililochemshwa. Kijivu alionja, akanyamaza, akaonja tena. Taratibu boga likapungua na chembe zikaongezeka. Mizani ikapanda. Manyoya yakaota kifuani, mdomo Rahila akaupunguza kwa tupa, macho yakawa maangavu. Rahila alimpiga picha, akasema katika Pemba nzima hajaona kasuku aliyepona namna hii. Alikuwa na furaha ya kweli, na pikipiki yake ilipoondoka aliwapungia mkono wote wawili, mama na ndege.

Sasa bakuli lilikuwa limejaa saa zote. Kijivu akitaka kula anakula, hana haja ya kumbembeleza mtu. Maneno yale hayakuwa yakimletea kitu tena, na kitu kisichomletea chochote kasuku hakibebi. Aliomba mara chache, halafu asubuhi tu, halafu akaanza kupiga mluzi wa muuza samaki na mlio wa pikipiki ya Rahila. Bi Mwanawema hakuijua siku ambayo sauti ilitoka kwa mara ya mwisho. Alikuwa anakanda unga pengine, au anahesabu chenji. Mteja mmoja ndiye aliyemuuliza, "Mbona Nahla hasemi siku zino?" Na baada ya hapo wateja nao wakaanza kununua chapati karibu na kwao.

Alimaliza kazi mapema siku moja, wakati bado jua ni kali na ukumbi hauna mtu. Akakaanga chapati moja peke yake, kwa samli nyingi, akaipaka asali, akaishika mbele ya tundu. Ndege aliitazama kwa jicho moja.

"Niombe, mwanangu," alisema Bi Mwanawema. "Niombe tu mara moja. Nitakupa chochote. Daktari simsikizi tena."

Kijivu hakusogea. Alikuwa ameshiba. Bi Mwanawema akapiga magoti, akaingiza vidole kwenye nyaya, akambembeleza kwa majina yote aliyokuwa akimwita binti yake, yale ya utotoni na yale ya wodini, mpaka samli ikamtiririkia kwenye kiwiko.

Ndege akainamisha kichwa, akajinyoosha, akasema waziwazi:

"Hupati, mwanangu. Daktari kakataza."

Ilikuwa sauti ya Bi Mwanawema mwenyewe. Miaka yote alikuwa akijifariji kwamba alimnyima mwanawe kwa upole. Sauti iliyotoka tunduni ilikuwa kavu, ya mtu aliyechoka, ya mwanamke anayefukuza kuku jikoni, na hakuna sauti nyingine ambayo Nahla aliisikia. Kijivu alilisema neno hilo tena, akapendezwa nalo, akalisema mara ya tatu. Kisha akageuka kwenye bakuli lake, akachagua chembe moja na kuanza kula.