Walimchangia kwa Majembe, Ofisi Ikataka Cheti

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nzilani Maundu anaangalia nyasi.

Si nyingi. Ni kishungi cha ndago kisichozidi upana wa ungo, kilichoota upande wa chini wa ukuta unaokatiza kijito cha Kyandula, si mbali na soko la Ekalakala, Kaunti ya Machakos. Ni Septemba. Mvua ya mwisho ilinyesha Mei. Kila kitu kandokando ya kijito kina rangi ya vumbi: miiba, mbuzi, hata njia ya punda. Ndago peke yake ndizo mbichi.

"Mtu akipita hapa anasema, Mungu ni mwema," anasema, kwa sauti ya chini kama aliye kanisani. "Mimi siwezi kusema hivyo."

Anashika jembe na kuanza kuchimba pembeni mwa nyasi hizo. Saa tatu atakuwa na wageni.

Nzilani ana miaka ishirini na minne na ni fundi wa mabwawa ya mchanga. Bwawa la aina hiyo ni ukuta wa mawe na konkriti unaojengwa kukatiza mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Kiangazi kikibana, wanawake hufukua na kuteka. Lakini yote hayo hutegemea jambo moja: ukuta ukae juu ya mwamba. Ukikaa juu ya udongo, maji hupenya chini yake kama mwizi.

Kuutafuta mwamba ndiyo kazi yake. Huingia shimoni na mtaimbo, hugonga, hutega sikio. Penye mwamba chuma hulia. Penye udongo hakisemi kitu. Tangu akiwa na miaka kumi na minne amegonga misingi ya kuta tisa, na wazee wa Kyandula husema hajawahi kukosea.

Alianza kazi mapema kwa sababu alitoka shule mapema. Alikuwa darasa la sita ukame ulipofika, na kuteka maji kukawa kazi ya kutwa. Mama yake, Kalondu, ana mgongo mbovu, na punda hajipeleki mtoni. Nzilani akakosa wiki moja, akakosa muhula, basi. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemwita arudi. Hata alipokuwa darasani hakuwa mtoto wa kunyoosha mkono, ajue jibu asijue. Mpaka leo mikutanoni hukaa nyuma kabisa, na akiwa na neno humnong'oneza mwenyekiti wa kikundi, Mwongeli, naye Mwongeli hulitoa kwa sauti ya watu wawili.

Kikundi chao ni mwethya, ile desturi ya Wakamba ya kufanya kazi pamoja bila malipo, leo kwangu, kesho kwako. Ni wanawake thelathini na mmoja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuliita jambo hilo kujitolea. Wao huliita Jumatano, kwa siku yake.

Neno kujitolea lililetwa na shirika moja lenye ofisi mjini Machakos. Kila Agosti shirika hilo huwaleta vijana kutoka ng'ambo wajenge ukuta pamoja na wanawake kwa wiki mbili. Kwa miaka mingi Nzilani aliamini kwamba vijana hao wanalipwa mshahara mnono. Ukuta wa Kyandula ulipokuwa ukijengwa, miaka miwili iliyopita, msichana mmoja mgeni ndiye aliyemweleza ukweli. Yeye ndiye aliyelipa. Alioka keki akauza, akaosha magari ya majirani, akakimbia mbio za kuchangisha, mwaka mzima, ili apate nafasi ya kuja kubeba mawe.

"Nilimhurumia," Nzilani anasema. "Nikamwambia akae kwa kivuli apumzike."

Agosti iliyofuata, mgeni mwingine alimwonyesha kwenye simu ukurasa aliochangishia pesa za safari yake. Juu kabisa palikuwa na picha ya ndago hizi hizi. Nzilani akauliza maandishi yanasema nini. Akaambiwa yanasema kwamba uhai umerudi Kyandula. Akaitazama picha, akamrudishia mgeni simu yake, akaenda kuchanganya simiti.

Januari mwaka huu, mratibu wa shirika, Henry Kimanzi, alifika kwenye mkutano wa kikundi na habari njema. Kulikuwa na vijiji vikavu karibu na Dodoma, Tanzania, vilivyotaka kufundishwa kujenga mabwawa ya mchanga. Shirika lilitafuta mtu wa kujitolea huko kwa miezi mitatu, na jina lililopendekezwa ni la Nzilani.

Wanawake walipiga vigelegele. Nzilani alijifunika uso kwa leso. "Nilikuwa nafikiria vile watacheka Kiswahili changu," anakumbuka. "Lakini nilitaka. Usiku huo sikulala, nilitaka sana."

Kisha Kimanzi akatoa fomu. Mwenye kujitolea alitakiwa kuchanga Sh94,000 za mafunzo, bima, makazi na usimamizi. Nauli ya basi kutoka Nairobi hadi Dodoma haifiki elfu sita.

"Yaani tulipe msimamizi ndio mtoto wetu aende kufanya kazi ya bure?" Mwongeli aliuliza siku hiyo, na bado anauliza. "Hiyo bure yenu inauzwa pesa ngapi kilo?"

Kimanzi aliwaeleza kwamba hata wageni wa ng'ambo huchangisha, na kwamba kikundi kingejifunza kutoka kwao.

"Wao wako na keki," Mwongeli akamwambia. "Sisi tuko na majembe."

Na kweli, walichangisha kwa majembe. Mkulima mmoja, Muema, alikuwa na mteremko ulioliwa na mvua, akitafuta vibarua wa kuchimba matuta kwa shilingi mia nne kwa siku. Mwethya wote ukaenda. Wanawake thelathini na mmoja, siku sita, jua la Februari utosini. Kalondu naye alikwenda, mgongo wake ukiwa umefungwa kwa kitambaa.

"Kalondu, wewe unachimba ama unasalimia udongo?" wenzake walimtania.

"Nachimba nauli," akajibu bila kuinua kichwa. "Wewe unachimba umbea."

Muema mwenyewe alikuja kutazama, akauliza huyo msichana anayechangiwa hivyo anaenda kuolewa wapi. Akaambiwa anaenda kufundisha. Akacheka. "Huyu wa kunong'ona? Atafundisha nani?"

"Mwamba haupigiwi kelele," Mwongeli akamjibu. "Unagongwa."

Siku sita zilileta Sh74,400. Nzilani akauza mbuzi wake wawili kwa Sh13,000. Zilizobaki zilipitishiwa kikapu kanisani Jumapili moja, noti za hamsini na sarafu za watoto. Machi pesa zote zikafika ofisini.

Mei ukaja ujumbe wa simu, mistari minne. Baada ya kupitia upya vigezo, anayekwenda ni lazima awe na cheti cha darasa la nane. Nafasi imepewa Linet, karani wa ofisi, mwenye diploma ya maendeleo ya jamii. Mchango haurudishwi, ila kikundi kijivunie, kwa kuwa Linet atakiwakilisha.

Soma tena taratibu. Siku mia moja na themanini na sita za migongo ya wanawake, mbuzi wawili, na sarafu za watoto, vyote vimemnunulia mtu mwingine nafasi ya kwenda kufundisha kazi asiyoijua. Na anayeijua amebaki nyumbani kwa sababu, miaka kumi na miwili iliyopita, hapakuwa na maji ya karibu. Maji yangekuwapo, angesoma. Kwa kuwa hayakuwapo, alijifunza kuyazuia. Sasa ukosefu ule ule ndio unaomfungia mlango.

Akiulizwa kwa simu, Kimanzi anasema taratibu ni taratibu. Anasema wafadhili ndio waliobadilisha vigezo, na kwamba sharti la kutorudisha pesa liko katika ukurasa wa tatu wa fomu, ambayo Nzilani alitia sahihi mwenyewe. Fomu hiyo ni ya Kiingereza.

"Wakati wa kuchimba msingi hakuna mtu aliuliza cheti," Mwongeli anasema. "Wakati wa kupokea pesa, hakuna. Cheti kiliulizwa siku ya kupanda basi."

Wiki iliyopita, simu ya Nzilani ililia. Alikuwa Linet.

"Sasa Nzilani. Nikuambie ukweli, sijawahi jenga hata ukuta wa kuku. Naenda Jumamosi. Unaweza nifundisha, hata asubuhi moja tu?"

"Kuja Jumanne," Nzilani akamwambia.

Mwongeli aliposikia hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu akaja hadi jikoni kwa Kalondu, akasimama mlangoni. "Wamekuvua nguo, na sasa unataka kuwafulia?"

"Ngoja Jumanne, mwaitu," Nzilani akasema, akimwita kwa heshima ya mama.

Jumanne ndiyo leo. Saa tatu na robo gari la ofisi linasimama juu ya ukingo. Kimanzi anashuka, kisha Linet, aliyevaa buti mpya na kushika daftari. Wanawake kama ishirini wamekwisha kuketi kwenye ukingo, miguu wameinyoosha. Wengi wamebeba mitungi mitupu. Mchanga wa Kyandula ulikauka Julai, mwaka huu kama mwaka jana, ilhali mabwawa mengine ya kata hii huwapa watu maji mpaka mvua za Novemba. Watu wamekuwa wakilaumu mvua.

"Haya, Nzilani," Kimanzi anasema kwa furaha. "Muonyeshe Linet vile mnatafuta mwamba."

Nzilani anampa Linet mtaimbo na kumshika kiwiko, akimpeleka mpaka katikati ya kijito, kwenye shimo la kwanza alilochimba alfajiri, chini kabisa ya ukuta.

"Gonga."

Linet anagonga. Chuma kinalia, na mlio unapanda mpaka mikononi mwake. Anacheka kwa mshtuko.

Nzilani anamwongoza hatua kumi na mbili kuelekea mashariki, hadi shimo la pili, lililo pembeni mwa ndago.

"Gonga."

Linet anagonga. Anagonga tena, kwa nguvu zaidi. Mtaimbo unazama shubiri nzima na kukwama. Anapouchomoa, ncha yake imepakwa matope, na shimoni kunaanza kujikusanya maji kidogo, ya rangi ya chai.

"Huku hakulii," Linet anasema polepole. Anauangalia ukuta, anaziangalia nyasi, kisha anamgeukia Kimanzi. "Hizi si ndizo ziko kwa picha ya kalenda yetu?"

Ukingoni, mwanamke mmoja anaweka mtungi wake chini.

"Nzilani, hayo si mambo ya leo," Kimanzi anasema. "Tumekuja mafunzo."

Mwongeli ameanza kuinuka, kama alivyoinuka kwa niaba yake miaka yote hii. Nzilani anamnyooshea kiganja.

"Kaa tu, mwaitu. Leo nitasema."

Sauti yake ni ndogo, na wanawake wanalazimika kuinama mbele kuisikia. Anasema mwamba upande huu unashuka. Anasema walikuwa wamebakiza siku mbili au tatu za kuchimba ili kuufikia, na kwamba mratibu aliamuru konkriti imwagwe juu ya udongo, kwa sababu wageni walikuwa na ndege Ijumaa na ilibidi wapige picha na ukuta uliokwisha. Anasema maji ya Kyandula hayakupungua mbinguni. Yamekuwa yakipita hapa, chini ya nyasi hizi ambazo zinatumika kuchangisha pesa.

Kimanzi anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

"Zile elfu tisini na nne zirudi," Nzilani anaendelea. "Zinanunua kama mifuko mia na ishirini ya simiti. Tuchimbe upande wa juu mpaka mwamba, tuzibe kabla ya Novemba. Dodoma nitaenda. Stendi ya basi naijua, na kazi naijua. Nikipata nauli nitaenda bila fomu."

"Cheti je?" mwanamke mmoja anauliza kutoka ukingoni, na kicheko kinawapitia wote, kikavu, kisicho na furaha.

Nzilani hacheki. Anauchukua mtaimbo kutoka kwa Linet, anaifuta ncha yake kwa leso, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anawageukia wenzake, akimtafuta mama yake kwa macho mpaka anamwona.

"Siku ile ya kumwaga, huu mtaimbo ulikuwa kwa mkono yangu," anasema. "Niligonga haukulia. Nikagonga tena. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilifikiri mtu amesoma lazima amesikia kitu mimi sijasikia."