Thabai kwa Mikono Mitupu

Thabai ikichemka, harufu yake ya majani mabichi na udongo wa mvua hunirudisha jikoni kwa mama, chini ya mlima, siku dada yangu alipokuja likizo kutoka chuo cha uuguzi.

Sisi watoto tulichuma majani hayo ya kuwasha, ya kutia kwenye mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, tukiwa tumejifunga maganda ya mahindi vidoleni. Mama aliyachuma kwa mikono mitupu, nasi tuliamini kwamba thabai ilimwogopa.

Dada hakuamini. Alimwambia mama afumbe macho, kisha akachukua sindano ya kusukia kikapu cha kiondo.

"Nikikudunga, useme."

Tukangoja. Moshi ulipanda polepole hadi kwenye paa.

"Kwani unangoja nini?" mama akauliza.

Kidole chake kilikuwa na matone matatu ya damu.

Dada akaokota uzi wa kiondo, akaufumua ncha. "Neva iko hivi, mama. Huku iko na vimizizi vya kushika habari. Halafu ni uzi mrefu, umezungushiwa mafuta, na habari inakimbia hapo kama umeme. Ikifika mwisho inaruka kamwanya kadogo, inashikwa na neva ingine, mpaka kwa ubongo."

Mama aliulaza uzi kiganjani, akautazama sana. "Na yangu imepotelea wapi?"

Dada akainama kupuliza moto, ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Leo nimechuma thabai, na maganda ya mahindi nimeyasahau mezani. Binti yangu ameushika mkono wangu, anaugeuzageuza.

"Mama, haijakuwasha?"

"Bado," nimemwambia.