Uwanja wa Ndege Moja

Chepngetich alitoka Kericho kwenda Marekani kusomea uuguzi, lakini somo lililomkaa kichwani kuliko yote lilikuwa la uwanja wa ndege katika kisiwa cha Pasifiki ambacho hakuwahi kukiona. Mwalimu wake alikuwa Mzee Hollis, mgonjwa aliyemtunza nyumbani kwake, katika mji wa Alexandria hukohuko Marekani. Kila akimvisha soksi, somo lilianza upya.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mzee alisimulia, yeye na wenzake walitumwa huko kujenga uwanja. Wakaangusha minazi, wakaponda matumbawe, wakatandaza njia nyeupe pe pe pe. Walipomaliza, vita vilikuwa vimehamia mbali kaskazini. Ikatua ndege moja tu. Rubani alikuwa amepotea. Akaomba mafuta na maji ya kunywa, akaenda zake. Kisha ikaja amri ya kufunga kazi: matrekta yakasukumwa baharini, jeshi likaondoka, na wenyeji wakapata mahali pazuri pa kuanika nazi.

"Watoto wako wanaijua habari hii?" Chepngetich alimuuliza siku moja.

"Mwanzo tu. Tukifika kwenye minazi, kila mmoja anakumbuka kuna mtu wa kumpigia simu."

Mzee alifariki mwaka 2006. Hapo ndipo watoto walipogundua kwamba hawana la kusema kanisani, wakamwomba Chepngetich awasemee. Alisimama mbele ya watu akiwa amepania kusema kweli. Lakini alipofika kwenye ile ndege, akamwona binti wa mzee ameshika leso tayari, na ulimi ukateleza.

"Ndege zilitua usiku na mchana," alisema. "Mamia!"

Kanisa zima likalia. Mwana mkubwa akamkumbatia. "Baba hakuwahi kutuambia!"

Ibada ilipokwisha, Chepngetich akakimbilia kwenye chakula. Huko kikongwe mmoja akamfuata, akijikongoja na mkongojo. Naye alikuwa kisiwani pamoja na Hollis, alisema. Ndiye aliyempa yule rubani maji.

Chepngetich aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. "Nisamehe, mzee wangu. Ilikuwa moja."

"Najua ilikuwa moja," kikongwe alisema, akimkabidhi sahani. "Lakini wajukuu zangu nimewaambia arobaini, na walikuwa wamekaa nyuma kanisani, wamekusikia. Sasa nitawaeleza nini?"

Chepngetich akampakulia kuku, wakajitenga pembeni wapatane kuhusu idadi ya ndege.