Usingizi wa Kunifurahisha

Profesa wangu hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Aliyasoma matokeo yangu hadi mwisho, akavua miwani, akaniuliza nilikuwa nimepima nini. Nikamjibu, usingizi. Akaniuliza tena swali lile lile, na hapo nikaanza kumchukia.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa saikolojia, na siku ya kuitetea tasnifu ilikuwa inakaribia. Jaribio langu lilikuwa dogo. Nilikusanya akina mama waliokimbia vita mashariki ya Kongo na kupanga vyumba katika mtaa wa Buyenzi, wote wa kikundi kimoja cha maombi, wote wakilalamika kwamba hawapati usingizi. Nusu niliwafundisha kupumua polepole kabla ya kulala, mkono juu ya tumbo. Nusu nyingine sikuwafundisha kitu. Baada ya muda nilipita mwenyewe chumba kwa chumba nikiuliza: mama, siku hizi unalala vipi? Waliofundishwa walikuwa wanalala fofofo. Wasiofundishwa walikuwa vile vile, macho makavu. Nilifurahi kupita kiasi, maana miongoni mwa waliofundishwa alikuwemo mama yangu.

Ukweli ni kwamba tasnifu ilikuwa kisingizio tu. Mama alivuka mpaka akanikuta katika chumba nilichopanga jirani na magereji, akiwa peke yake. Yeye na kaka yangu walipotezana njiani, na hadi leo hatuna habari zake. Tangu afike, mama alikuwa halali. Uso ulimwingia ndani, nguo zikaanza kumning'inia. Nilisoma kila nilichokipata maktaba nikitafuta kitu cha kumsaidia, nikaiona hiyo habari ya kupumua, nikaing'ang'ania. Sijawahi kutaka jambo lifanikiwe kama nilivyolitaka lile.

Profesa alinieleza uhalali wa utafiti kwa mfano wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, nadhani kwa kuniona nimechoka na vitabu. Muuzaji akipima ndagala pamoja na bakuli, mizani yake itasema kilo ile ile asubuhi na jioni, haiyumbi hata kidogo. Mizani haina kosa. Ila uzito inaousema si wa ndagala peke yake. Akaniuliza bakuli langu ni lipi. Nilitoka ofisini kwake nimefura, nikarudi nyumbani kwa miguu, maana petroli ilikuwa imeadimika tena na teksi zote zilikuwa zimepangana kwenye kituo cha mafuta.

Nilimkuta mama uani amesinzia mbele ya karai la mafuta ya moto, mwiko mkononi, jua la saa nane mchana likimpiga usoni. Mandazi yalikuwa meusi kabisa. Nilimgusa bega, akashtuka, mafuta yakamrukia mkononi. Nilimmwagia maji ya baridi huku nikimuuliza mbona anasinzia mchana, ilhali alikuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba usiku analala vizuri. Aliutazama ule mkono.

"Ulikuja na kazi ya masomo yako," akasema. "Mi mama yako, nikuambie silali?"

Jioni ile ile niliwazungukia wenzake. Hakuna aliyeona aibu. Mmoja wao, aliyezoea kuniita mtoto wao, alinieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto adabu, kwamba mtoto akija kwako na shida yake humrudishi mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimekuja kuomba usingizi, basi wakanipa. Na wale wasiofundishwa? Wao walikuwa wameona wenzao wamepewa kitu, wakanieleza hali mbaya ili na wao wafikiriwe. Ile tofauti niliyoichora kwa rangi mbili, nikaitazama kila asubuhi kama picha ya mchumba, niliitengeneza mimi kwa kuingia mlangoni mwao. Nilikuwa nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, tena na watu walionipenda.

Hata wa kumlaumu sikuwa naye. Ndiyo adabu niliyolelewa nayo mimi mwenyewe. Ningekwenda kuuliza maswali yale kwa matajiri wa mtaa wa Kinindo, labda mlinzi angenifukuza getini, lakini angalau ningejua nimefukuzwa.

Profesa aliniombea muda, tukaanza upya na akina mama wa kanisa lingine ambao hawakunijua. Safari hii wote walipewa kitu, nusu kupumua, nusu mazungumzo ya kawaida, ili asiwepo wa kujiona amesahauliwa. Na mwulizaji hakuwa mimi. Alikuwa msichana niliyesoma naye, akishuka kwa miguu kutoka mtaa wa Gihosha, asiyejua nani kafundishwa nini. Mama aliposikia, akaomba huyo msichana amuulize na yeye. Nilimwambia majibu yake hayatahesabiwa. Akasema hakuna neno.

Nilikaa uani juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mimi nilipomuuliza, mama alikuwa ananijibu neno moja huku akichekecha unga. Sasa mlango ulikuwa umefungwa na sauti yake iliendelea, ya chini, muda mrefu, hadi chai niliyowaandalia ikapoa. Wivu ulinishika, na woga pia. Msichana alitoka macho mekundu, akaniaga bila kunitazama. Sikumwuliza kitu, kwa sababu siri ilikuwa sehemu ya ahadi yetu kwa kila aliyeulizwa.

Matokeo yalipotoka, nusu zote mbili zilikuwa sawa. Kupumua kwangu hakukuwa kumemlaza mtu. Profesa alifurahi, akanipa mkono, akasema sasa nina utafiti unaoweza kusimama. Nilijua anasema kweli, na nilitamani kumrushia makaratasi yake. Nilikuwa nimejifunza kupima sawasawa, na nilichokipima ni kwamba sina cha kumpa mama.

Nilifaulu. Mama alinipikia wali na samaki wa mukeke, akaniombea baraka, akaniwekea chakula mbele. Nikashindwa kujizuia. Nilimwambia kwamba yote yale yalikuwa bure, kupumua hakuna faida, anisamehe, nitatafuta njia nyingine alale. Nilikuwa nalia juu ya sahani kama mtoto. Mama akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Apana, mutoto wangu," akasema. "Ile kupumua ni muzuri. Inaleta usingizi sana. Ndiyo maana niliiacha siku ya kwanza. Nikilala, kaka yako akikuja kugonga, nani atamufungulia?"

Kisha akanihimiza nile kabla wali haujapoa. Nikala. Katika maswali yangu yote, ya mwanzo na ya marudio, halikuwemo hata moja la kumuuliza kama anataka kulala.